Kimbunga Kikitangazwa: Tuende au Tungoje?

Msafiri wa Mombasa atokaye kisiwani kwenda upande wa kusini, awe aelekea Diani, Tanga, Dar es Salaam, au apitie huko mpaka Unguja, hukata shauri lake la mwisho Feri. Mpaka hapo aweza kugeuka akarudi kwake Kibokoni au Kuze, na hapana atakayemcheka. Lakini akishavuka maji yale ya Likoni, ambayo upana wake haufiki hata kilomita moja, safari imeshika, na aibu ya kurudi huwa nzito kuliko hofu ya kwenda. Ndiyo maana tumependa leo kulizungumza jambo ambalo watu wetu hulijadili kila tangazo la kimbunga linapotoka, kisha wakalisahau upepo ukitulia. Mtu amealikwa, au amefiwa, au ameitwa na biashara yake, na huko aendako kumetangazwa tufani. Je, aende au asiende?

Tuikumbuke Mei ya mwaka 2024. Masika ya mwaka ule yalikuwa yamekwisha kuua watu zaidi ya mia mbili katika nchi yetu. Tarehe 3 ya mwezi huo Rais William Ruto alitangaza kwamba shule zisifunguliwe mpaka itolewe amri nyingine, na katika hotuba ile ile akawahadharisha watu wa Pwani juu ya kimbunga kilichopewa jina la Hidaya. Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imeonya juu ya upepo mkali na mawimbi ya kupita mita 2. Serikali ikakataza watu kuogelea baharini na kuvua. Upande wa pili wa mpaka, boti ziendazo baina ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Mwenye harusi Unguja, mwenye mgonjwa Dar es Salaam, mwenye mzigo Tanga, kila mmoja akawa na swali lake, na kila mmoja akapewa na watu wa barazani majibu kumi yasiyopatana.

Tarehe 4 kimbunga kikafika Mafia. Usiku wa siku hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ikatangaza kwamba kimepoteza nguvu. Mombasa hakikuipiga. Palipokucha, vicheko vikaanza. Jina lenyewe lilikuwa lawataka watu wa mzaha, kwani hidaya kwa Kiswahili chetu ni zawadi, na kwa Kiarabu cha chuoni ni uongofu. Basi watu wakaulizana, zawadi yenyewe iko wapi? Waliokwenda wakajiona mashujaa, na waliongoja wakaonekana waoga waliotishwa na sauti ya redio.

Lakini waliocheka walikuwa wakitazama dirisha lao tu. Kule Mafia upepo ulibomoa nyumba za watu. Kusini ya Dar es Salaam mvua iliyofuatana na kimbunga hicho ilivunja madaraja, na barabara iendayo Lindi na Mtwara ikakatika, magari yakalala njiani upande huu na upande huu. Mtu aliyesema kwamba yeye haogopi upepo kwa sababu haendi kwa chombo, aenda kwa basi, alinaswa na maji ya mvua. Tena mwezi haukwisha kabla kimbunga kingine, kiitwacho Ialy, hakijapita baharini upande wetu, na safari hii upepo ukavuma kwa nguvu katika pwani yetu wenyewe. Aliyekuwa amekwisha kuamua kwamba matangazo haya ni porojo alikuta bahari imemjibu kabla ya siku ishirini.

Hapa pana kosa la kwanza ambalo yafaa tulisahihishe. Onyo lisilotimia si uwongo. Mwenye kutabiri hali ya hewa hadai ilimu ya ghaibu. Yeye hutazama joto la bahari, maana kimbunga hulishwa na maji yenye joto la kupita nyuzi 26 hivi. Hutazama mawingu kwa picha zitokazo angani, hupima upepo, kisha huhesabu. Katika sehemu yetu ya bahari ya Hindi kazi hiyo husimamiwa na kituo kilichoko kisiwa cha Réunion, na idara za nchi zetu hupokea kutoka huko zikaongeza hesabu zao. Njia ya kimbunga anayoichora mtabiri si uzi mmoja. Ni kama mdomo wa tarumbeta, mwembamba kwa kesho na mpana kwa keshokutwa. Mji wako ukiwa ndani ya mdomo ule, maana yake si kwamba utapigwa, bali maana yake ni kwamba hapana mwenye haki ya kukuambia hutapigwa. Anayeusoma upana ule kuwa ni ujinga wa mtabiri hakuelewa lolote. Upana ule ndio ukweli wake, kwani amekuonyesha mwisho wa ilimu yake uko wapi.

Twafahamu pia sababu ya watu wetu kutosadiki. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, na vimbunga havipendi kukaribia ikweta, kwa kuwa ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupindisha upepo ukawa kama pia huwa dhaifu mno karibu na mstari ule. Kwa hivyo mtu aweza kuzaliwa Mji wa Kale, akaoa, akazeeka, akazikwa, asione hata kimbunga kimoja. Hiyo ni neema ya Mwenyezi Mungu juu yetu. Lakini kinga ya mji si kinga ya msafiri. Ukitoka hapa kwenda kusini, kila siku ya safari yakuondoa katika kivuli kile. Unguja iko nyuzi 6, Mafia karibu ya 8, Lindi 10, na visiwa vya Ngazija kupita 11. Msafiri huenda na mazoea ya kwao katika bahari isiyoyajua mazoea hayo.

Na bahari hiyo ina kumbukumbu zake. Mnamo Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu na minazi kwa maelfu, na kikazamisha merikebu za Sultani bandarini. Pemba iliepuka sehemu kubwa ya balaa ile, na tangu hapo karafuu ya Pemba ikaipita ya Unguja. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita karibu na Ngazija kikielekea bara, na watu wa Mtwara wakahamishwa kwa maelfu, kisha kikaangukia Msumbiji, nchi ambayo mwezi mmoja tu nyuma ilikuwa imepigwa na Idai katika mji wa Beira. Aprili 2021 kikatangazwa Jobo kuelekea Dar es Salaam, nacho kikanyong'onyea kabla hakijafika. Jamaa zetu walioko Omani nao wana Gonu ya Juni 2007 na Shaheen ya Oktoba 2021. Tazama basi namna mambo yalivyo: kimoja chapiga, kingine chapinda, kingine chafa njiani. Hapana binadamu awezaye kukwambia mapema hiki ni cha namna gani. Mwenye kungoja habadiliki kuwa mjinga kwa sababu kimbunga kimefia njiani, na mwenye kwenda habadiliki kuwa na busara kwa sababu amefika salama. Shauri hupimwa kwa kile mtu alichokijua siku alipolikata, si kwa kile kilichotokea baadaye.

Wazee wetu walilijua hilo bila ya picha za angani. Bandari ya Kale iliyo chini ya Mji wa Kale haikujengwa na watu wenye haraka. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi, na baina ya pepo mbili hizo yalikuwako majuma ya kukaa pwani, kutia shahamu na kungoja. Nahodha aliyengoja hakuitwa mwoga. Aliitwa mjuzi. Katika kilele cha kusi bahari ilikuwa kama imefungwa, na mwenye kuifungua kwa ubishi hakusifiwa hata akipona. Vasco da Gama alipoondoka Malindi mwezi wa Aprili 1498, akiwa na rubani aliyepewa huko na upepo wa msimu nyuma yake, aliiona nchi ya Bara Hindi kwa muda wa siku ishirini na kitu. Kurudi hakutaka kungoja msimu. Bahari ile ile ikamchukua karibu miezi mitatu, watu wake wakafa kwa wingi hata wakapungua wa kuendesha vyombo, na chombo kimoja ikabidi wakichome moto katika pwani yetu hii. Bahari ilikuwa moja na nahodha alikuwa yule yule. Lililobadilika ni kungoja.

Sasa tuingie katika lile linalosemwa zaidi ya yote, nalo ni neno la kutawakali. Huambiwa mtu, wewe huna imani? Kilichoandikwa kitakufika hata chini ya kitanda chako. Neno hili ni la kweli, lakini hutumiwa pasipo pahala pake. Aliyekaa chuoni hata mwaka mmoja amesikia habari ya bedui aliyemwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amwache ngamia wake huru na kutawakali, akaambiwa kwanza amfunge, kisha ndipo atawakali. Kutawakali huja baada ya kamba, hakushiki nafasi ya kamba.

Na iko habari iliyo karibu zaidi na maudhui yetu, kwa kuwa ni ya msafiri aliyefikiwa na onyo njiani. Sayyidna Umar alitoka Madina kwenda Sham na jeshi la watu. Alipofika pahala paitwapo Sargh akapata habari kwamba tauni imeingia Sham. Akataka shauri la Muhajirina wakakhitilafiana, akataka la Ansari wakakhitilafiana, akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakawa na neno moja, kwamba arudi na watu. Akanadi kurudi. Abu Ubayda akamwuliza kama ni kuikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kuwa ndivyo, waikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari ya Mwenyezi Mungu, akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka bonde lenye kingo mbili, moja ina majani na moja ni kavu: popote atakapowalisha, atakuwa amewalisha kwa kadari. Kisha akaja Abdulrahman bin Auf akaeleza kwamba alimsikia Mtume akikataza watu kuingia nchi iliyosikiwa kuwa na tauni, na kukataza pia kuitoroka nchi hiyo kwa aliyekwisha kuwamo. Umar akamshukuru Mola wake, akageuka.

Hapa Umar hakungoja yakini. Habari ilimfikia kwa vinywa vya watu, na ilitosha kumfanya atake shauri. Pili, hakuona haya kurudi, ingawa alikuwa Khalifa na nyuma yake lilikuwako jeshi lililomwona akigeuka. Ikiwa kurudi hakukumvunjia heshima Umar, kwamvunjia nani leo? Ni kweli kwamba tauni na kimbunga si kitu kimoja. Kukataza kutoka katika nchi ya tauni kuna sababu yake, kwani mwenye kutoka huenda akachukua maradhi, hali mwenye kukimbia maji ya kimbunga hamwambukizi mtu. Lakini katika suala la kuingia, mlango ni mmoja.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii hawakuliacha jambo hili hewani. Imamu Nawawi katika Minhaji, kitabu kisomwacho sana katika vyuo vya pwani hii, amelizungumza suala la mtu ambaye njia yake ya kwenda Hija ni bahari. Hukumu ni kwamba yampasa kupanda chombo ikiwa salama ndiyo inayoshinda. Ama hatari ikishinda, faradhi humwondokea, na wanazuoni wakamkataza kujitia humo. Na tufikiri vizuri hapa. Hija ni nguzo ya Uislamu, nayo imesimamishwa juu ya neno hili moja, salama ikishinda. Sasa ni harusi ya nani, ni mnada wa wapi, ni ahadi gani ya biashara iliyo kubwa kuliko Hija, hata ikawa hiyo haingoji?

Tena Ibn Abbas, siku ya Ijumaa yenye mvua na matope, alimwamrisha mwadhini atangaze kwamba watu wasali majumbani mwao. Watu wakastaajabu, naye akawaeleza kuwa aliyefanya hivyo kabla yake alikuwa mbora kuliko yeye. Sharia iliyomsamehe mtu matope ya kwenda msikiti wa mtaani haiwezi kumlazimisha mawimbi ya mita 2 ili akale pilau.

Watu wa upande wa pili wana hoja yao, nasi hatutaipita kimya. Husema kwamba ajali haina kinga, na kwamba vyombo vyetu vilivyoua watu wengi havikuzamishwa na vimbunga. Ni kweli. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipinduka karibu kabisa na nchi kavu, katika mkondo huu huu wa Kilindini, wakafa watu 272. Halikuwako tufani. Kilikuwako chombo kilichopakia watu kuliko kiasi chake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 Spice Islander ilizama upande wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaa watu waliokuwa wakirudi makwao na mizigo yao, wakafa mamia. Wako walioiona meli ile imezidi, wakakataa kuipanda. Watu hao hawakuwa na redio yenye onyo lolote. Walitumia macho yao.

Lakini hoja hii yatuunga mkono sisi, haitupingi. Ikiwa chombo kilichozidi mizigo chapinduka katika maji matulivu, kitakuwaje katika mawimbi? Tarehe 18 Julai 2012, katika kusi, boti ya Skagit ilitoka Dar es Salaam kwenda Unguja na abiria wengi kuliko iliyoruhusiwa, ikapinduka karibu na Chumbe katika upepo na bahari iliyochafuka. Boti ile ilikuwa imeundwa Marekani, ikatumika miaka mingi huko katika maji ya ghuba yaliyohifadhiwa na nchi pande zote. Upepo wa siku ile haukuwa kimbunga chenye jina. Upepo mkali kidogo, chombo kisichokuwa cha bahari hiyo, na watu waliozidi, hivyo vitatu vilitosha. Na si baharini tu. Tarehe 28 Aprili 2024, mto Tana ulipokuwa umefurika na barabara ya Garissa imekatika, watu walipanda chombo pale Madogo ili wavuke maji, kikazama wakafa watu. Walipanda kwa sababu barabara imefungwa na wao wana haja ya kufika. Haja ya kufika ndiyo nahodha mbaya kuliko wote.

Basi haja hii ya kufika yatoka wapi? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Watu wetu hawajitii hatarini kwa sababu ya ujinga. Hujitia kwa sababu mbili, aibu na nauli.

Aibu kwanza. Sisi ni watu wa kualikana. Ndugu wa Mombasa asipoonekana katika harusi ya Unguja, huulizwa. Akisema palitangazwa kimbunga, na kimbunga chenyewe hakikufika, neno hilo litamfuata miaka kumi. Mama wa bibi harusi atasema, wa Tanga wamekuja, wa Lamu wamekuja, nyie ndio mlioogopa mvua. Na katika msiba mambo huwa mazito zaidi. Mtu hujiambia, sikumwona mzazi wangu akiwa hai, sasa hata kaburini nisifike? Huyu hatumlaumu, twamwonea huruma. Lakini na akumbushwe kwamba sunna ya maiti ni kuharakishwa, si kungojewa wasafiri, na kwamba madhehebu yetu yameruhusu sala ya maiti aliye mbali, kama Mtume alivyomsalia Najashi wa Habeshi naye yuko Madina. Mwana aliyesimama msikitini Mombasa akamsalia babake aliyezikwa Unguja hakumtupa babake. Atakwenda kumzuru bahari ikituliza moyo wake na wake yeye.

Ama nauli, hilo ni jambo la wanyonge. Tajiri akiahirisha safari hupoteza fedha asizozihesabu. Mtu aliyekusanya nauli ya watu watano kwa miezi minne akiambiwa tikiti hairudishwi, kwake kimbunga cha kwanza ni hicho cha fedha, na cha baharini ni cha pili. Atapanda huku roho yamdunda. Ndiyo maana twasema kwamba kumwambia mtu huyo kuwa asisafiri, na kukomea hapo, ni kumpa shauri la bure lenye bei kubwa.

Kwa hivyo lazima tugawane mzigo huu. Wenye mabasi na wenye vyombo, siku ambayo onyo limetolewa na idara zinazohusika, waibadilishe tikiti ya msafiri kwa siku nyingine bila ya kumkata senti. Hawatapata hasara kubwa, kwani yule abiria atasafiri tu, leo au Jumatano. Serikali inayosimamisha boti na isimamie haki hii pia, maana amri ya kutosafiri isiyofuatana na haki ya kurudishiwa nauli huwaangukia maskini peke yao.

Wenye shughuli, yaani wenye harusi, hitima na maulidi, wao ndio wenye ufunguo. Mgeni hawezi kujisamehe mwenyewe, mwenyeji ndiye wa kumsamehe. Onyo likitoka, mwenyeji asingoje kuulizwa. Na apige simu yeye kwanza aseme, ndugu zangu, tumesikia habari ya upepo, msije mkajitia hatarini kwa ajili yetu, dua yenu yatutosha, na sinia lenu litawangojea. Maneno hayo machache yaokoa watu wengi kuliko boya. Isitoshe, mwenyeji mwenye akili ataona kuwa ni kwa faida yake pia. Kimbunga kikipiga kweli, nyumba yenye wageni ishirini haina maji ya kutosha wala pa kulala pakavu, na wageni waliokuja kusherehekea wamegeuka mzigo juu ya watu waliokwisha kuelemewa.

Na maimamu wetu wana kazi. Tangazo la hali ya hewa huja kwa lugha ya ofisini, limejaa hesabu, na mengi yake yameandikwa kwa Kiingereza. Bibi wa Mkanyageni hatalifahamu, na mvuvi wa Likoni atalipata limekwisha kupotoshwa mara saba. Kipaza sauti cha msikiti chafika kila nyumba. Baada ya sala ya Alasiri, dakika mbili zatosha kusema ni upepo wa wapi, ni wa siku gani, na nani asitoke. Hilo nalo ni nasaha kwa Waislamu, na jirani asiyekuwa Mwislamu naye atanufaika nalo.

Hatusemi kwamba kila mtu akae. Wako wa kwenda. Daktari aendaye kusaidia, mtu wa kuokoa watu, mama aliyepatwa na uchungu ambaye hospitali iko ng'ambo, hao haja yao yapimwa kwa mizani nyingine, kwani kukaa kwao kuna hatari kama kwenda kwao. Wala hatumsahau mvuvi, ambaye kwake kutosafiri ni kutokula. Akikatazwa kutoka siku tatu, ni nani amlishaye siku tatu hizo? Mji uliompa samaki miaka yote wafaa umkumbuke siku hizo kwa sadaka isiyomdhalilisha. Ni rahisi kumwita mvuvi mkaidi hali wewe una mshahara wa mwisho wa mwezi.

Aliyebaki, ambaye safari yake ni ya hiari, na ajiulize maswali machache kabla ya kufika Feri. Habari hii nimeisikia kwa idara yenyewe au kwa mtu aliyeambiwa na mtu? Kimbunga kisipofika, je, mvua yake haitafika, na barabara yangu ina madaraja mangapi ya mabondeni? Chombo nitakachopanda kina watu wangapi, na nikiona wamezidi, nina moyo wa kushuka? Nikienda salama, nitarudi kwa njia gani? Nikinaswa huko siku tano, nina fedha za siku tano, na wale walioko nyumbani watakula nini? Na la mwisho, nikisema sendi, nani atakayeumia kweli, na nani atakayenung'unika tu? Mwenye kuyajibu haya kwa ukweli, akaona salama yashinda, na aende kwa bismillahi. Akaona hatari yashinda, au mizani imelingana, na akae kwa bismillahi vile vile. Istikhara aisali, lakini akumbuke kwamba istikhara ni kumwomba Mola uongozi baada ya kuitumia akili aliyotupa, haikuwekwa ili mtu afunge macho kisha aote ruhusa.

Bahari haishi zinge, walisema waliotutangulia, nao waliyasema hayo wakiwa ni mabaharia, si watu wa kukaa jikoni. Walisema pia kawia ufike. Katika maneno mawili hayo lililo zito ni ufike, maana kukawia kwenyewe si fahari, fahari ni kufika. Lakini ili mtu aweze kukawia, lazima awe na watu watakaompokea akija amechelewa, wasimhesabie siku. Onyo jingine litakuja, msimu huu au ujao, na jina lake tutaliona geni kama tulivyoliona la Hidaya. Siku hiyo, mwenye kualika na awe wa kwanza kusema: msije kwanza, tutawangoja.